Jina na Kazi: Namna ya Kutambua Vifaa vya Zamani vya Panga za Japani

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuzungumza juu ya ngoma zetu, mahari, majina ya ukoo na kazi za mikono za wazee wetu. Safari hii tunaomba ruhusa ya kwenda mbali, mpaka Japani, kutazama vitu vidogo vya chuma na shaba ambavyo mafundi wa kule walivitengeneza kwa ajili ya panga. Utauliza: juu ya nini siye, watu wa Katanga, tujisumbue na vitu vya Wajapani? Jibu ni kwamba Wajapani wamehangaika miaka mamia na swali ambalo hata kwetu linatusumbua: kitu kikibeba jina la fundi mkubwa, je, jina lile linatosha kusema kitu ni cha kweli?

Siye tunalijua neno « authenticité » kuliko watu wengi wa dunia. Katika mwaka 1971 nchi yetu iliitwa Zaïre, na katika mwaka 1972 tukaacha majina ya ubatizo na kuchukua mengine. Mkoa wetu nao ukaitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, kisha ukarudi kuitwa Katanga, na tangu 2015 umegawanyika kuwa mikoa mine. Majina yalibadilika, lakini shaba chini ya udongo ilibaki shaba ile ile. Mwenye kuishi mambo kama hayo anajua kwamba jina na kitu ni mambo mawili. Ndiyo sababu tuliposikia ginsi wataalamu wa Japani wanavyochunguza saini, tulitega masikio.

Vifaa vyenyewe ni nini?

Upanga wa Japani si kisu kitupu chenye mpini. Kati ya mpini na kisu kuna kisahani cha kukinga mkono, kinaitwa tsuba. Ni kipana kama sentimita 7 ao 8, na unene wake ni milimita chache tu. Katikati kuna tundu la kupitisha mkia wa kisu, na mara nyingi pembeni kuna matundu mengine mawili madogo. Kwenye mpini kuna pete ya mbele inayoitwa fuchi, kofia ya nyuma inayoitwa kashira, na mapambo mawili madogo chini ya kamba ya mpini, ndiyo menuki. Halafu kuna kozuka, mpini wa kisu kidogo kinachochomekwa kwenye ala. Vyote hivyo ni vidogo, lakini fundi aliweza kuchora ndani yake joka, mvua, farasi, mti wa msonobari, hata vita nzima.

Watu wa shaba kama siye tutapenda kujua juu ya madini yenyewe. Tsuba nyingi ni za chuma. Lakini vifaa vya heshima vilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa. Moja inaitwa shakudo: ni shaba yenye dhahabu kidogo, kama sehemu 3 mpaka 5 katika 100. Fundi akiisha kuichonga anaichemsha katika maji ya dawa yenye chumvi za shaba, na inatoka nyeusi yenye kung'aa, inakaribia rangi ya zambarau. Nyingine inaitwa shibuichi, maana yake « moja katika nne »: ni shaba na fedha, yenye rangi ya majivu, ingawa vipimo vilibadilika kutoka fundi mpaka fundi. Rangi hizo ni ngozi nyembamba juu ya madini. Mtu akizisugua na dawa ya kung'arisha vyombo, ameua kazi. Hapo hata jina la fundi mkubwa haliokoi kitu.

Saini: nani aliandika, nani hakuandika

Saini, ao sinyatire kama tunavyosemaka huku, wao wanaiita mei. Kwenye tsuba inachongwa kwa tindo karibu na tundu la katikati. Na hapa kuna jambo la kushangaza: tsuba ikiisha kufungwa kwenye upanga, saini haionekani! Inafunikwa na visahani vyembamba vinavyobana tsuba pande mbili. Samurai alitembea mjini na jina la fundi wake limefichwa. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Kwa tsuba ni hivyo kabisa. Aliyekutana na mwenye upanga njiani aliona kazi tu, hakuona jina.

Tena mafundi wakubwa wa kwanza hawakuandika jina. Ukoo wa Goto ulianza na Goto Yujo, aliyeishi tangu 1440 mpaka 1512 na kumtumikia mtawala Ashikaga Yoshimasa. Ukoo huo uliendelea vizazi 17 katika kazi ile ile. Kazi za vizazi vya mwanzo kwa kawaida hazina saini. Ni wajukuu zao waliokuja kuzitazama baadaye na kuandika juu yake: hii ni ya babu yetu fulani, nami fulani nashuhudia. Waliandika pia makaratasi ya ushuhuda yaliyotaja hata bei, maana vifaa vya Goto vilikuwa zawadi za heshima kati ya wakubwa. Basi tayari hapo tunaona mambo matatu tofauti: saini ya aliyetengeneza, saini ya aliyeshuhudia, na karatasi. Na kila moja inaweza kughushiwa.

Kisha walikuja mafundi waliofanya kazi kwa watu wa mjini. Yokoya Somin (1670–1733) aliacha njia ya Goto akachonga kwa mtindo wake, kama mtu anayechora kwa brashi ya wino, ila yeye alitumia tindo. Jina lake likapanda sana. Na jina likipanda, wezi wa jina nao wanazaliwa. Saini « Somin » iko juu ya vitu vingi ambavyo mkono wake haukuvigusa. Ndiyo vile vile kwa Yasuchika, na kwa Nobuie wa tsuba za chuma. Saini ya uongo wanaiita gimei.

Lakini tusikimbilie kusema kila saini isiyo ya mkono wa bwana ni wizi. Katika karakana za zamani mwanafunzi aliweza kutengeneza kitu na kukitia jina la mwalimu kwa ruhusa ya mwalimu mwenyewe. Mwana alirithi jina la baba yake. Kwa Nobuie, wataalamu wanatenganisha namna kubwa mbili za kuandika jina lile lile, na wengi wanaona kwamba ni watu zaidi ya mmoja. Siye tusishangae: ni mara ngapi kwetu mtu amerithi jina la babu pamoja na kazi yake, na watu wakasema « ndiye yeye »?

Kisahani kutoka Musoshi

Miaka ya 1970 Wajapani walichimba shaba Musoshi, karibu na Kasumbalesa. Walikaa na watu, wakaondoka katika miaka ya 1980. Katika familia moja tunayoijua kulibaki kisahani cha chuma ambacho marehemu baba wa nyumba alikipokea kama zawadi ya kuagana. Kwa miaka mingi kilikaa kabatini kati ya karatasi za nyumba na picha za ndoa. Mwaka mmoja minervali ya watoto ilikosekana, na mwana mkubwa akasikia kwamba vitu vile vinauzwa bei kali Ulaya. Wakatuita tukitazame, kwa sababu walijua tunapenda vitu vya zamani.

Mama mwenye nyumba alituketisha, akatuletea maji, kisha akasema: « Batata, muniambie wazi: iko ya kweli ao hapana? » Mwana akaongeza: « Jina iko pale, Mama. Ile jina ndiyo feza. »

Kijana mmoja wa mji wetu aliyejifunza Kijapani alitusomea maandishi. Upande mmoja wa tundu: « mkaaji wa Hikone, nchi ya Goshu ». Upande mwingine: « Mogarashi Nyudo Soten ametengeneza ». Mwana alifurahi. Lakini siye tulipofungua vitabu tulikuta kwamba jina hilo ni moja kati ya yale yaliyoigwa kuliko yote. Soten alikuwa fundi wa kweli, wa mji wa Hikone karibu na ziwa Biwa. Yeye na waliomfuata walitoboa chuma na kuchonga watu wengi, wazee wa Uchina na mashujaa, wakaweka dhahabu na fedha kwenye nyuso na nguo. Watu walizipenda, na mafundi wa mahali pengine, mpaka Aizu kaskazini, wakatengeneza za namna ile ile na kuandika Soten bila haya. Mwishowe jina la mtu likageuka jina la aina, kama vile dukani watu wanaita kila sabuni ya unga kwa jina la ile ya kwanza waliyoijua.

Kwa hiyo tulifanya kama wataalamu wanavyofundisha: tulifunika saini kwa kipande cha karatasi, tukaanza na kazi yenyewe.

Kwanza, chuma. Chuma cha zamani kilichotunzwa kina rangi nyeusi iliyotulia, yenye wekundu wa mbali, laini kwa kidole. Kutu ya kulazimishwa kwa asidi ni nyekundu, ya unga, na inachafua mkono. Kisahani kile kilikuwa cheusi. Kulikuwa na kutu kidogo ukingoni, ya kukaa kabatini katika msimu wa mvua, basi.

Pili, tulitafuta kama kilichongwa ao kilimiminwa. Mwigaji wa siku hizi anatengeneza kalibu kutoka kitu cha kweli, anamimina chuma, na anapata tsuba kumi kwa siku. Lakini chuma cha kumiminwa kinajionyesha: pembe zinakuwa butu, ndani ya matundu unakuta vitundu vidogo vya povu, na wakati mwingine mstari mwembamba mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye vifaa vya shakudo kuna kipimo kizuri zaidi, uwanja wa vitone unaoitwa nanako, « mayai ya samaki ». Kila kitone kimepigwa pekee yake, pigo moja la nyundo, mamia kwa mamia, katika safu zilizonyooka. Katika kazi ya kalibu vitone vinaonekana kama vimelowa. Kisahani chetu hakikuwa na nanako, lakini kwa kioo cha kukuza tuliona alama za tasa na tindo ndani ya kila tundu. Mtu alikaa akakikata kwa mkono.

Tatu, tundu la katikati. Tsuba iliyofungwa kwenye upanga inabeba ushuhuda wake hapo: alama za kupigwa ili tundu libane vizuri, na mara nyingi vipande vya shaba nyekundu juu na chini, vilivyotiwa ili ienee kisu fulani. Hiki kilikuwa na vipande viwili vya shaba, na kimoja kilikuwa kimelika. Kilifanya kazi. Lakini hapa pia tuangalie: tsuba isiyofungwa hata mara moja si lazima iwe ya uongo, juu zingine zilitengenezwa kwa kutunzwa tu.

Nne, mchoro. Wazee watatu chini ya msonobari, ni habari inayofaa kabisa mtindo wa Hikone. Ila nyuso za wazee wote watatu zilikuwa uso mmoja. Vidole havikutenganishwa. Dhahabu ilikuwa vipande vidogo vidogo, imewekwa pale ambapo jicho la mnunuzi linaangukia kwanza.

Tano, na ni mwisho, tuliondoa karatasi tukasoma saini. Saini haitazamwi kama neno la kusoma tu. Inatazamwa kama mwendo wa mkono: tindo iliingia wapi, ilitokea wapi, mstari upi ulianza, uzito wa pigo, nafasi kati ya herufi. Wataalamu wanaweka karatasi nyembamba juu yake na kusugua wino, ili walinganishe na saini zilizokwisha kukubaliwa. Anayeandika jina lake mwenyewe hafikiri. Anayeandika jina la mwingine anafikiri kila mstari, na kusita kwake kunabaki ndani ya chuma. Tena wanatazama kama kutu ya ndani ya mistari ni ya umri mmoja na kutu ya nje. Katika kisahani kile umri ulikuwa mmoja, maana yake saini haikuongezwa juzi. Lakini mistari ilikuwa imeandikwa polepole, mmoja mmoja, kama mtoto anayenakili ubao.

Tulimwambia Mama yale tuliyoyaona. Kitu ni cha zamani, kimekatwa kwa mkono, kimefungwa juu ya upanga wa mtu. Lakini hatuoni ndani yake mkono wa Soten wa Hikone. Tunaona karakana iliyofuata mtindo wake na kutia jina lake ili kiuzwe. Tena hukumu ya mwisho ni ya wale watakaokishika Japani. Alinyamaza kidogo, akasema: « Basi chuma iko ya kweli, jina ndiyo iko ya uongo. » Hatujasikia mtaalamu aliyelisema vizuri kuliko yeye. Mwana aliuliza kama tungeweza kusugua kidogo ili king'ae, wanunuzi wakipende. Mama ndiye aliyemkataza kabla yetu. Kisahani kilirudi kabatini, safari hii katika kitambaa kikavu, na minervali ililipwa kwa njia nyingine, watoto wa ukoo wakichanga.

Makaratasi na masanduku

Utasema: si kuna vyeti? Ndiyo, viko. Tangu 1948 kuna shirika Tokyo, Nihon Bijutsu Token Hozon Kyokai, linalohifadhi panga na vifaa vyake. Kitu kinapelekwa chenyewe, waamuzi wanakitazama pamoja, na kikikubaliwa kinapewa cheti. Katika utaratibu wa tangu 1982 kuna ngazi nne. Kilichoonekana kuwa na saini ya uongo hakipati. Hiyo inaleta mambo ya uchungu: kuna wenye mali wanaofuta saini ya uongo juu ya kisu cha upanga ili kirudishwe bila jina na kukubaliwa kama kazi isiyo na saini. Waza vizuri: ili kitu kiaminiwe, lazima kipokonywe jina!

Kuna pia masanduku ya mbao yaliyoandikwa na mabingwa, kwa mfano Torigoye Kazutaro kwa upande wa tsuba. Maandishi yanaweza kuwa ya kweli, na tsuba iliyo ndani ikawa nyingine. Cheti kinashuhudia kitu kimoja tu, kile kilichopigwa picha juu yake. Vipimo vya karatasi visipolingana na kitu kilicho mkononi, karatasi ni ya mwingine.

Tukumbuke tena mwaka 1876. Serikali mpya ya Japani ilikataza watu kuvaa panga hadharani. Kwa amri moja mafundi wale wote walipoteza wateja. Wachache walipata njia: Kano Natsuo (1828–1898), aliyekuwa amekwisha kuitwa kuchonga sura ya sarafu mpya za nchi, alikuja kuwa mwalimu katika shule ya sanaa ya Tokyo. Wengine walitengeneza mapambo kwa wageni. Vifaa vya panga vilitoka kwa wingi kwenda Ulaya na Marekani, na mnunuzi wa kigeni ambaye hakujua kusoma kazi alitaka kusoma jina. Soko likimtaka mtu jina, atapewa jina.

Na siye?

Historia hiyo tunaijua, maana hata vitu vyetu vilitoka hivyo. Ila wazee wetu hawakuandika jina juu ya kazi. Misalaba ya shaba inayopatikana makaburini Sanga, kando ya ziwa Kisale, haina saini hata moja. Viti na sanamu za Waluba vilevile. Kabla ya vita kuu ya pili, mtaalamu wa Ubelgiji Frans Olbrechts aliweka pamoja sanamu zenye nyuso ndefu, zenye huzuni, akasema zimetoka mkono mmoja. Kwa kuwa hakuwa na jina, akamwita Bwana wa Buli, kufuata kijiji kimoja. Baadaye wengine wakaona huenda ni mikono miwili, na jina la Ngongo ya Chintu likatajwa. Lakini kazi ilitambuliwa kwanza, jina likafuata nyuma. Ni njia ile ile ya kufunika saini kwa karatasi.

Leo kijana akiletewa kinyago anauliza kwanza: kimetoka kwa nani, kina karatasi gani, kilipita muze gani? Maswali mazuri, lakini ni ya mwisho. Ya kwanza ni haya: mti gani? Shoka ilipita wapi? Mahali mikono ilipokishika pamelika kweli, ao pamepakwa mafuta na moshi juma lililopita? Nyuma, mahali pasipoonekana, fundi alifanya kazi na heshima ao alichoka? Maswali hayo hayajibiwi na mtu ambaye hajashika vitu vingi vya kweli. Na sasa wanaojua kuyajibu katika vijiji vyetu wanazidi kuwa wachache, kila mwaka tunazika mmoja.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Ukiwa na mzee nyumbani aliyechonga, aliyefua, aliyesuka, chukua kitu kimoja kilichofanywa vizuri na kimoja kilichofanywa vibaya, viweke mbele yake, umwombe akuonyeshe tofauti kwa kidole. Usimwulize majina. Andika anachosema, na mahali alipogusa. Siye tumekwisha kuanza, na daftari yetu bado ina kurasa nyingi nyeupe.